Somo la Tisa: Mtihani wa Muziki wa Madaraja na Maendeleo ya Mwanafunzi

Madhumuni ya somo

Baada ya kulisoma somo hili, mlaji ataweza kueleza mtihani wa vitendo wa muziki hupima nini, kuisoma karatasi ya alama kwa makini, na kumuuliza mwalimu maswali yanayostahili kabla ya kulipa ada.

Kwa nini somo hili

Mafunzo ya muziki ni huduma inayonunuliwa kama huduma nyingine, ila matunda yake hayashikiki mkononi. Mzazi aliyemnunulia mwanawe viatu vibovu huugundua ubovu wake mvua ya kwanza inaponyesha. Mzazi anayelipia masomo ya piano au fidla aweza kutoa fedha miaka mitatu asijue kama mtoto anasonga mbele au anazunguka pale pale. Hapo ndipo cheti cha daraja kinapopata heshima kubwa: kina namba, kina muhuri, na kimetolewa na mtu wa nje asiyelipwa na mwalimu. Heshima hiyo ni ya haki, lakini ina mipaka, na mlaji asiyeijua mipaka hiyo hupata hasara huku akidhani amepata faida.

Asili na muundo wa mtihani

Mtindo huu ulienea kutoka Uingereza. Mwaka 1889 vyuo viwili vya muziki vya London viliungana kuunda bodi ya mitihani, ambayo leo hujulikana kwa jina la ABRSM. Bodi nyingine yenye umaarufu ni Trinity College London. Mitihani ya namna hii hufanywa katika nchi nyingi, zikiwemo za Afrika Mashariki. Madaraja makuu ni manane, kuanzia Daraja la 1 hadi la 8, na baada yake huja stashahada. Daraja halifungamani na umri: mtoto wa miaka tisa na mtu mzima wa miaka hamsini waweza kufanya Daraja la 1 siku moja. Wala hakuna sharti la kupitia kila daraja kwa mfuatano.

Tuchukue mtihani wa vitendo wa ABRSM kwa ala kama piano. Alama zote ni 150. Vipande vitatu vya muziki vilivyoandaliwa hupewa alama 30 kila kimoja, jumla 90. Skeli na aripejio ni alama 21. Kusoma na kupiga papo hapo noti ambazo mtahiniwa hajapata kuziona ni alama 21. Majaribio ya usikivu ni alama 18. Anayepata 100 amefaulu. 120 ni ufaulu mzuri. 130 ni ufaulu wa juu kabisa. Trinity huhesabu kwa alama 100, na kiwango cha kufaulu ni 60. Kwa hiyo alama 80 za bodi moja si sawa na alama 80 za nyingine. Usilinganishe namba kabla ya kujua zimetoka wapi.

Tangu mwaka 2020 ABRSM ina pia mtihani wa namna ya pili, ambao mwanafunzi hurekodiwa kwa video akipiga vipande vinne mfululizo. Huo hauna skeli, usomaji wa papo hapo, wala majaribio ya usikivu. Namna zote mbili ni halali, lakini hazipimi mambo yale yale. Ni haki ya mlaji kuambiwa mtoto wake anaandikishwa katika upi.

Kuisoma karatasi ya alama

Zingatia mfano huu, ambao tumeutunga kwa ajili ya somo. Wanafunzi wawili wamefanya Daraja la 3 na kila mmoja amepata alama 112. Wote wamefaulu, na vyeti vyao vinafanana. Tazama sasa mchanganuo:

Mwanafunzi wa kwanza: vipande 82, skeli 12, usomaji wa papo hapo 9, usikivu 9.
Mwanafunzi wa pili: vipande 67, skeli 16, usomaji wa papo hapo 15, usikivu 14.

Katika sehemu yenye alama 21, kiwango cha kufaulu ni 14. Katika usikivu ni 12. Mwanafunzi wa kwanza, basi, ameanguka katika sehemu tatu, lakini amefaulu kwa jumla kwa kuwa kanuni haidai ufaulu katika kila sehemu. Vipande vyake vitatu ni vizuri mno. Mpe ukurasa wa nne asioujua, atakwama. Mwanafunzi wa pili hapigi kwa mvuto ule, ila amejengewa msingi: atakaporudi nyumbani na kitabu kipya aweza kukifungua na kujifunza mwenyewe.

Tofauti hii mara nyingi hutokana na mafunzo. Mwalimu anayetumia mwaka mzima kukariri vipande vitatu huzalisha cheti. Mwalimu anayegawa muda wake kwa stadi zote huzalisha mwanamuziki. Mzazi asiyetazama chini ya jumla hataijua tofauti hiyo mpaka daraja la juu, ambako ukariri hautoshi tena na mtoto huanza kuichukia ala aliyoipenda. Kumbuka pia kwamba kwa ABRSM, kabla ya Daraja la 6 la vitendo, mtahiniwa hutakiwa awe amefaulu Daraja la 5 la nadharia au mtihani mwingine unaokubaliwa badala yake. Mzazi asiyearifiwa mapema aweza kukuta safari imesimama njiani.

Mambo ambayo mtihani haupimi

Mtihani wa Daraja la 1 huchukua takriban dakika 12. Dakika hizo hupima alichokifanya mtoto siku hiyo. Hazipimi bidii ya mwaka mzima, wala furaha yake, wala uwezo wa kupiga pamoja na wenzake. Kijana anayejifunza udi au kanuni ya taarabu, akifuata maqamu kwa sikio karibu na fundi wake, huenda akawa na maarifa makubwa ambayo muhtasari wa piano hauna mahali pa kuyaandika. Kukosa cheti hakumaanishi kukosa elimu.

Kabla ya kulipa, uliza

1. Mtihani unatolewa na bodi gani, na je, cheti ni cha bodi hiyo au ni cha shule yenyewe?
2. Ada ya mtihani ni kiasi gani, mbali na ada ya masomo? Nani atalipia vitabu na mpigaji wa kusindikiza?
3. Mtoto akiugua, ada hurudishwa au huhamishiwa muhula mwingine? Dai jibu kwa maandishi, na utunze stakabadhi.
4. Katika kila somo, ni dakika ngapi zinatumika kwa usomaji wa noti na usikivu?
5. Je, nitapewa karatasi kamili ya alama pamoja na maoni ya mtahini?

Jipime nyumbani

Mara moja kwa mwezi, mwombe mtoto apige wimbo rahisi ambao hakufundishwa, kutoka kitabu cha daraja moja chini ya lake. Huhitaji kujua muziki ili kusikia kama anaendelea au anasimama kila hatua. Kisha mwulize ni wimbo upi angependa kuujua, nawe umfikishie mwalimu jibu lake.

Zoezi

Chukua karatasi ya alama ya mwisho ya mwanao. Piga mstari chini ya sehemu iliyo dhaifu kuliko zote, uende nayo kwa mwalimu, na mkubaliane litakalofanyika katika miezi mitatu ijayo. Mwenda pole hajikwai: ni heri mwaka mmoja zaidi katika Daraja la 3 kuliko Daraja la 5 lisilo na msingi.