Magari ya umeme yanauzwa kule, redevansi iulizwe huku

Karibu asilimia 70 ya kobalti inayochimbwa duniani inatoka Kongo, na nyingi yake inaishia kwenye betri, zikiwemo za magari ya umeme. Miji ya mbali inapata hewa safi. Sisi wa Lubumbashi tunapata vumbi la malori, mito tunayoiogopa na miombo iliyokwisha kukatwa kwa ajili ya makaa. Maendeleo ya kijani hayatatufikia yenyewe; tuyadai kwa hesabu.

Anzia kwenye Sheria ya Migodi (Code minier) ya 2018. Redevansi, yaani ada ambayo kampuni inalipa kwa madini inayouza, kwa kobalti, madini ya kimkakati, ni asilimia 10 ya thamani yake. Ya shaba ni 3.5. Katika redevansi hiyo, asilimia 15 ni ya komini, sekta au sheferi ambamo mgodi unafanya kazi, na sheria inataka itumike kwa miundombinu ya msingi ya wananchi tu. Mgodi ukiuza kobalti ya dola milioni 100, redevansi ni milioni 10, na ya komini yenu ni milioni 1.5. Mbali na hiyo, kampuni inatenga angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa miradi ya jamii: hapo ni dola 300,000 nyingine.

Sasa andikeni barua kwa bugumestre, mkuu wa komini yenu. Msiende kuuliza kwa mdomo, maana neno la mdomo halina muhuri. Ulizeni kiasi kilichoingia, mwaka gani, kimejenga nini. Shefu wa kartye na mama wa sokoni watie sahihi pamoja nanyi, kisha mrudi na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Jibu mtakalopewa lilinganisheni na ripoti za ITIE, mpango wa uwazi katika sekta ya uchimbaji, zinazoonyesha malipo ya kampuni. Kwa ile asilimia 0.3, ulizeni miradi iliyolipiwa. Ombeni pia cahier des charges, mkataba wa ahadi kati ya kampuni na jamii, msome kila mradi na tarehe yake.

Mkiulizwa mnataka nini, mimi ningetanguliza maji: visima virefu, na vipimo vya maji vinavyorudiwa kila msimu. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina wataalamu waliochunguza kwa miaka mingi metali katika miili ya watu wanaoishi karibu na migodi. Baada ya maji, sola kwenye kituo cha afya, halafu miti. Ukumbi wa mikutano unaweza kungoja.

Na msichelewe. Betri za chuma na fosfati, zinazotengenezwa kwa wingi China, hazina kobalti hata kidogo. Februari 2025 serikali yetu ilisimamisha usafirishaji wa kobalti, kisha ikaweka viwango vya kiasi kinachoruhusiwa kusafirishwa. Shehena zikipungua, redevansi nayo inaweza kushuka. Kwa hiyo pesa hii ijenge vitu vya kudumu, isilipe gharama za kila mwezi.

Faili la barua na majibu likae mahali ambapo watu watatu wanapajua, kwa sababu mabugumestre hubadilishwa.