Kuiuliza Kurani Juu ya Kipimo na Mizani

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wake, na jamaa zake na masahaba zake. Amma baad.

Ndugu zetu wa mwambao, hapana nyumba ya Mwislamu isiyokuwa na Msahafu. Umetandikwa kitambaa, umewekwa juu pahala pa heshima, nao huteremshwa penye hitima, penye ugonjwa, na penye safari. Hayo yote ni mapenzi, wala hatuyalaumu mapenzi. Lakini iko ada moja ambayo wengi wetu tumeikuta kwa wazee wetu: mtu akipatwa na jambo la kumtatiza, hufumba macho akaufungua Msahafu popote utakapofunguka, akahesabu mistari, na neno la kwanza atakaloliona akalifanya ndiyo jibu. Likiwa la rehema, husema ni heri, na likiwa la adhabu, husema ni shari. Hii huitwa kupiga fali, na mwenye kuifanya hudhani kwamba ameiuliza Kurani.

Katika somo hili tunataka kueleza kwamba huko siko kuiuliza Kurani, na kwamba Kurani huulizwa kwa njia nyingine iliyo nyepesi kuifahamu na nzito kuitenda. Tutaeleza kwa kisa kilichotokea katika darsa yetu hapa Eldoret.

Msomaji wa pwani huenda asiujue mji huu. Uko katika nchi ya Uasin Gishu, zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari. Watu wa zamani waliuita 64, kwa sababu posta yake ya kwanza ilijengwa katika shamba lililopimwa likapewa namba hiyo. Jina la Eldoret ulipewa mwaka 1912, reli ikaufikia mwaka 1924, na mwezi wa Agosti 2024 ukapandishwa cheo ukawa jiji. Nchi yake ni ghala la mahindi na ngano. Kuanzia mwezi wa Oktoba mavuno huanza, na malori hupakia magunia ya kilo 90 yakateremka Nairobi na Mombasa. Kwa hiyo yatendwayo huku kwenye kipimo yanawahusu na nyinyi mnaosonga sima huko.

Usiku mmoja wa msimu wa mavuno, baada ya sala ya Isha, alikuja darsani mfanya biashara mmoja, mtu wa kwetu pwani aliyekuja huku kutafuta riziki. Akamwamkia maalim wetu kwa adabu, kisha akasema: "Maalim, nina lori moja la mahindi nataka kulipeleka Mombasa, na moyo wangu una wasiwasi. Nifungulie Msahafu, unitazamie kama safari hii ina heri."

Maalim akamjibu: "Mwanangu, Mwenyezi Mungu katika Sura ya Al-Maida, aya ya 3 na ya 90, ameharimisha kutafuta bahati kwa mishale, kama walivyofanya Waarabu wa ujahili. Nao walikuwa hawana ila vijiti vya mti. Itakuwaje basi sisi tukichukue Kitabu chake Mwenyewe tukifanye ndiyo mishale? Ukitaka kumtaka shauri Mola wako, Mtume (S.A.W.) ametufundisha istikhara: rakaa mbili na dua yake. Imo katika hadithi ya Jabir aliyoipokea Bukhari. Lakini kabla hujaondoka, na mimi nikuulize. Mahindi hayo umeyanunua kwa kipimo gani?"

Akasema: "Kwa gorogoro, maalim, kama wanunuavyo wote." Gorogoro ni kopo la kadiri ya kilo 2, ndicho kibaba cha watu wa huku.

"Na unapoyauza kwa rejareja sokoni, unauza kwa gorogoro hilo hilo?"

Yule ndugu akanyamaza. Nasi sote tulinyamaza, kwani hapana mtu wa soko asiyejua maana ya kunyamaza kule. Liko kopo la kununulia, ambalo hujazwa mpaka likafanya kichuguu. Na liko kopo la kuuzia, ambalo kitako chake kimegongwa kikaingia ndani, na juu likafutwa kwa ubao.

Hapo maalim akaufungua Msahafu, lakini hakufumba macho. Alikwenda moja kwa moja kwenye Sura ya 83, Al-Mutaffifin, akasoma aya 6 za mwanzo na akazifasiri. Maana yake ni kwamba Mwenyezi Mungu amewatolea ole wapunjao: wale ambao wakijipimia kwa watu hutaka kipimo kitimie, na wao wakiwapimia watu hupunguza. Kisha anauliza kama watu hao hawadhani kwamba watafufuliwa kwa ajili ya Siku iliyo kuu.

Akasema: "Umekuja kuuliza kama lori lako lina heri. Jibu lako lilikwisha teremshwa zaidi ya miaka 1,400 iliyopita, na makopo yako mawili yametajwa ndani yake, moja baada ya jingine."

Yule ndugu hakukasirika, Mwenyezi Mungu amlipe kheri. Lakini alikuwa na udhuru wake, na udhuru huo ndio wetu sote. Kwa hivyo tunauandika hapa pamoja na majibu yake.

Udhuru wa kwanza alisema: "Hii ndiyo ada ya soko. Nikipima sawasawa peke yangu, wenzangu watanishinda." Akajibiwa kwamba maneno haya ni ya zamani. Nabii Shuaybu alipowaamrisha watu wa Madyan watimize vipimo, walimwuliza kwa kejeli, kama ilivyo katika Sura ya Hud, aya ya 87, ati ni sala yake ndiyo inayomwamrisha wao waache walivyoabudu baba zao, na waache kufanya wapendavyo katika mali yao. Zingatia swali lao, ewe msomaji. Hawakumkataza asisali. Walichokikataa ni sala kutoka msikitini ikaingia dukani. Basi Mwislamu anayesali safu ya mbele, kisha akasema soko lina ada zake, na aogope asije akawa anasema kwa vitendo yale waliyoyasema watu wa Madyan kwa ndimi.

Udhuru wa pili aliusema kwa sauti ya chini: "Wakulima wengi tunaonunua kwao si Waislamu." Maalim akamrudisha kwenye sura ile ile, akamwonyesha kwamba neno lililomo ni watu, wala haikusemwa Waislamu wala waumini. Kisha akamfungulia Sura ya Aal Imran, aya ya 75, ambapo Mwenyezi Mungu anawalaumu baadhi ya Ahlul-Kitabi waliokuwa wakila amana za Waarabu na kusema kwamba kwa watu wasiokuwa na kitabu hawana lawama. Je, tuwalaumu wao kwa neno hilo, kisha tuliseme sisi? Na katika Al-Maida, aya ya 8, tumeamrishwa kwamba hata kuchukiana na watu kusitufanye tuache uadilifu kwao. Ikiwa adui ana haki ya mizani iliyo sawa, itakuwaje jirani aliyekuuzia jasho lake la mwaka mzima?

Udhuru wa tatu ndio uliopendwa na wengi: "Kinachopungua ni kidogo sana." Hapa ndipo ilipo hikima ya jina la sura yenyewe. Wanavyuoni wa lugha wamesema kwamba neno mutaffifin limetokana na tafifu, nacho ni kitu kidogo, duni. Mpunjaji ameitwa hivyo kwa kuwa aibacho kila mara ni kidogo. Basi udogo huo wanaoufanya udhuru ndio uliotajwa katika shtaka.

Tukahesabu pale pale. Gorogoro likipungua gramu 50 tu, ambazo ni kama konzi moja ya mahindi, gunia la kilo 90 lina magorogoro 45, na upungufu wake ni kilo 2 na robo. Katika magunia 100 ni kilo 225, yaani magunia mawili na nusu. Wazee walisema haba na haba hujaza kibaba, wakakusudia akiba ya halali. Na haba ya dhulma nayo hujaza vivyo hivyo.

Likabaki jambo moja ambalo hakuna aliyemwuliza. Alilisema mwenyewe. Baadhi ya mahindi yake yalinyeshewa na mvua, naye aliyatia katika magunia ya katikati ya lori, na makavu akayaweka ukingoni. Maalim akatukumbusha hadithi aliyoipokea Muslim kwa Abu Huraira: Mtume (S.A.W.) alipita sokoni penye rundo la chakula, akatia mkono wake ndani, vidole vikapata umaji. Alipomwuliza mwenyewe, akasema kimenyeshewa na mvua. Mtume akamwuliza kwa nini hakukiweka juu watu wakakiona, kisha akabainisha kwamba mwenye kughushi si katika yeye.

Na katika zama zetu ubaya wa jambo hili umezidi kudhihiri. Nafaka iliyohifadhiwa na unyevu huota kuvu, na kuvu hiyo hutoa sumu iitwayo aflatoksini, ambayo haiondoki kwa kupikwa. Ndiyo sababu mahindi ya kuwekwa ghalani hutakiwa yakaushwe mpaka unyevu usizidi asilimia 13.5. Mwaka 2004, katika wilaya za Makueni na Kitui na jirani zake, watu 317 waliugua kwa sumu hiyo na 125 wakafa. Basi kuficha unyevu wa gunia si kuiba shilingi tu. Huenda kukawa kumwekea mtoto wa mtu sumu mezani.

Sasa turejee kwenye swali letu: Kurani huulizwaje? Katika kisa hiki tumejifunza mambo manne.

La kwanza, iulizwe kwa maana. Katika Sura ya Saad, aya ya 29, imeelezwa kwamba Kitabu hiki kimeteremshwa ili watu wazizingatie aya zake. Wala leo hatuna udhuru wa lugha. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alianza kuwazindua Waislamu wa Mombasa kwa Kiswahili katika gazeti lake la Sahifa mwaka 1930, na Al-Islah mwaka 1932. Sheikh Abdallah Saleh Farsy akatutimizia tafsiri ya Kurani nzima mwaka 1969. Anayeujua Msahafu kwa kitambaa chake tu amechagua mwenyewe.

La pili, ulete jambo lako wewe, si la jirani yako. Wengi wetu tukisoma aya ya wapunjaji, fikira zetu humwendea muuza duka wa upande wa pili.

La tatu, usipofahamu, waulize wenye ilimu, kama tulivyoamrishwa katika Sura ya An-Nahl, aya ya 43. Usikate shauri kwa aya moja uliyoikuta njiani. Yule ndugu aliuliza kama na makosa asiyoyakusudia yataandikwa, akaonyeshwa Al-An'am, aya ya 152, ambapo amri ya kutimiza kipimo imefuatishwa na neno la kwamba nafsi haikalifishwi ila uwezo wake. Aliyejitahidi akakosea konzi moja si kama aliyegonga kitako cha kopo.

La nne, nalo ndilo zito, ulipokee jibu hata likikutia hasara. Mwenye kupiga fali anaweza kuufunga Msahafu akaufungua tena mpaka apate neno alipendalo. Mwenye kusoma kwa maana hana njia hiyo.

Yule ndugu aliuliza afanye nini. Akaambiwa kwamba haki ya mtu haifutwi kwa istighfari peke yake, hurejeshwa kwa mwenyewe. Wale awajuao awalipe. Na wale asioweza kuwapata tena, wanavyuoni wamesema aitoe sadaka kwa niaba yao. Akalishusha lori, akayaanika yaliyolowa, na yaliyooza akayatupa. Akanunua mizani yenye muhuri wa wakaguzi wa serikali, akaanza kununua na kuuzia kwa mizani hiyo moja. Akawaendea wakulima aliowakumbuka, akawalipa tofauti. Wengine walipokea kwa mshangao, na mmoja akadhani amekuja kumtega. Msimu ule hakubakiwa na faida ya kutajika, wala hatukuambii kwamba mwaka wa pili alitajirika, kwa kuwa Mwenyezi Mungu hakumwahidi hilo. Alichoahidiwa kimo katika ulimi wa Nabii Shuaybu, Sura ya Hud, aya ya 86: kwamba kile anachokubakishia Mwenyezi Mungu baada ya kutimiza haki za watu ni bora kwenu, ikiwa nyinyi ni waumini.

Basi, ndugu msomaji, usiku wa leo uteremshe Msahafu wako. Uufungue kwenye Sura ya 83, macho wazi, na tafsiri iwe ubavuni. Kisha jiulize: Katika nyumba yangu au kazi yangu, makopo yangu mawili ni yapi? Yako ya mshahara na saa za kazi, yako ya mke na mume, yako ya mkopeshaji na mkopaji. Ni nani ninayemdai kwa kopo la kichuguu, nikamlipa kwa kopo lililogongwa?

Tunamwomba Mwenyezi Mungu aijaalie Kurani kuwa mwongozo wetu sokoni kama msikitini, na asiijaalie kuwa hoja juu yetu siku itakapowekwa mizani isiyogongwa. Amin.