Moyo Ukienda Mbio Ghafla, Usiiogope Sindano ya Adenosini

Wadogo zangu, leo nataka tuongee juu ya moyo unaokwenda mbio bila sababu, na sindano inayoutuliza. Naongea hasa na nyinyi mabinti, maana aina ya tatizo hili inayoonekana zaidi huwapata wanawake karibu mara 2 ya wanaume, na wengi huishia kuambiwa ni wasiwasi tu, punguza mawazo, kapumzike. Inaniuma. Mtu amekaa zake anachambua mchele, hana hofu wala hajagombana na yeyote, mara moyo unaruka hadi mapigo 180 au 200 kwa dakika. Wasiwasi hupanda taratibu. Mbio hizi za moyo huanza ghafla na kukoma ghafla, na hiyo ndiyo habari ya kumpa daktari kabla hajakuuliza jingine lolote.

Kinachotokea ni hiki: umeme unaoendesha moyo unapaswa kushuka kutoka vyumba vya juu kwenda vya chini, kisha basi. Kwa baadhi yetu kuna njia ya ziada tuliyozaliwa nayo, na siku moja umeme unaingia humo na kuzunguka tu, kama gari lililokwama kwenye kipilefti bila kupata pa kutokea. Adenosini inafunga lango la kawaida kati ya vyumba vya juu na vya chini, ambalo mzunguko huo hulipitia, kwa muda mfupi sana. Mzunguko unakatika, moyo unashika mwendo wake wa kawaida.

Usishangae daktari akianza kwa kukupa bomba la sindano tupu akakwambia ulipulize kwa nguvu. Hakutanii. Unapuliza kwa sekunde 15, kisha wanakulaza chali upesi na kukuinua miguu. Utafiti uliofanywa Uingereza na kutolewa mwaka 2015 ulionyesha kwamba kwa njia hiyo wagonjwa 43 katika kila 100 mioyo yao ilitulia, wakati kwa kupuliza bila kulazwa na kuinuliwa miguu walikuwa 17 tu. Kwa hiyo puliza kwelikweli.

Ikishindikana, ndipo sindano. Watakutafutia mshipa mkubwa, mara nyingi kwenye mkunjo wa kiwiko, na utaona mabomba mawili yameandaliwa: moja la dawa, jingine la maji ya chumvi. Dawa hii haimalizi hata sekunde 10 kwenye damu kabla ya kuvunjika, ndiyo maana muuguzi anaisukuma yote kwa mpigo mmoja, maji yanafuata papo hapo, na mkono wako unainuliwa juu ili ifike moyoni ingali na nguvu. Mtu mzima huanza na miligramu 6. Moyo ukikaidi, baada ya dakika moja au mbili wanampa 12.

Sasa hapa nisikilizeni vizuri. Dawa ikiingia, uso utawaka joto, kifua kitabana, pumzi itakuwa nzito, na utajiwa na hofu kali, unaona kabisa kwamba unakufa. Hufi. Kwenye karatasi ya ECG, yaani kipimo cha umeme wa moyo, mstari unaweza kunyooka sekunde kadhaa bila pigo hata moja, kisha mapigo yanarudi, safari hii kwa utaratibu. Mwambie na aliyekusindikiza, asije akapiga yowe akiangalia skrini. Na kama hakuna aliyekueleza haya kabla ya kukuchoma, muulize. Kumchoma mtu dawa hii bila kumwandaa ni kumtesa bure.

Kuna mambo usiyaache moyoni. Kama una pumu, sema mapema, kwa sababu adenosini inaweza kubana njia za hewa, na zipo dawa nyingine za kutumia, kama verapamili. Kama umekunywa kahawa saa chache zilizopita, sema pia. Kahawa hupunguza nguvu ya dawa hii, na aminofilini wanayopewa wagonjwa wa pumu hufanya vivyo hivyo. Taja na dawa ya kifafa ya kabamazepini kama unaitumia. Mjamzito naye aseme, ila asiikimbie sindano: ni miongoni mwa dawa ambazo madaktari huzitumia kwa wajawazito wenye tatizo hili.

Na tafadhali, asije mtu akawachoma dawa hii dukani au nyumbani. Si kila moyo unaokwenda mbio unatibiwa nayo. Mapigo yakiwa ya ovyoovyo, yasiyo na mpangilio, kwa mwenye njia ile ya ziada inaweza kumtia hatarini. Lazima ECG iwe inasoma na mashine ya kushtua moyo iwe kando ya kitanda. Moyo ukienda mbio na kifua kikauma, au ukazimia, au ukashindwa kupumua, hata kupuliza usianze nyumbani. Nenda hospitali mara moja, na usiendeshe gari mwenyewe.

Ukitulia, usiondoke mikono mitupu. Omba nakala ya ECG iliyochukuliwa moyo ukiwa mbioni, au ipige picha kwa simu, maana kesho yake kipimo kitaonekana safi na utaambiwa tena huna kitu. Mpelekee daktari bingwa wa moyo. Kwa Tanzania ipo Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Muulize kuhusu tiba ya kuiunguza ile njia ya ziada kwa mrija mwembamba unaopitishwa kwenye mshipa wa paja. Wengi wanaofanyiwa hupona kabisa.