Mafunzo Niliyopata Nikipanda Udzungwa na Wanafunzi

Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa hakuna barabara ya gari. Ukishafika Mang'ula au kijiji cha Sanje, kilichobaki ni miguu. Ndiyo sababu katika miaka yangu ya kufundisha biolojia nimeipenda kuliko mbuga ambako wanafunzi huchungulia tembo kupitia dirisha la Kosta. Hifadhi hii ilianzishwa mwaka 1992 na ina ukubwa wa kilometa za mraba 1,990. Ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, safu inayoanzia Taita, Kenya, na kuishia huku Morogoro na Iringa. Msitu wake unapanda kutoka mita 250 hivi juu ya usawa wa bahari hadi zaidi ya mita 2,000.

Wewe mwalimu kijana umeshaamua kuwapeleka wanafunzi wako, na umefanya vema. Ninachotaka kukuachia ni hiki: msitu wenyewe unajua kufundisha. Kazi yako ni kumwondolea kila mtoto kile kinachomzuia kuuona. Vizuizi hivyo ni vingi, na vingine huanzia shuleni, mbali kabisa na mlima.

1. Anza na anayesema haendi

Mwaka mmoja, ikiwa imebaki siku moja tuondoke, binti wa Kidato cha Tatu aliyekuwa wa kwanza kujiandikisha alinifuata. "Madam, mimi nitabaki." Akasema tumbo linamsumbua. Tukakaa nyuma ya maabara, tukazungumza mambo mengine kwanza, na mwishowe akaniambia: alikuwa kwenye siku zake, pedi hazimtoshi, na hajui huko msituni mtu anajisitiri vipi. Nilipowauliza wenzake kwa faragha, nikakuta wengine walikuwa wameshaandaa visingizio vyao. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa akiogopa mlima.

Fomu ya ruhusa ya mzazi haitakuambia mambo haya. Zungumza na wanafunzi mapema, wasichana na mwalimu wa kike, wavulana na mwalimu wa kiume. Uliza kuhusu pumu, kifafa, selimundu na mzio. Mwenye pumu dawa yake ikae mfukoni mwake mwenyewe, isiachwe kwenye begi la mwalimu lililobaki kwenye gari. Beba pedi za akiba. Azima raba kwa wasio nazo, kwa sababu mtoto mwenye kandambili tu hatakuambia hana viatu. Atakuambia anataka kubaki ajisomee. Eleza waziwazi kabla ya safari jinsi watakavyojisaidia njiani: wapi, na nani, na nani atawalinda. Wengi hutulia wakishasikia hayo.

2. Aliye mzito atembee mbele

Kwenye njia ya maporomoko ya Sanje mwinuko huanza mapema. Vijana wa timu ya mpira hupenda kukimbilia mbele, na mstari hurefuka mpaka wa mwisho hawawaoni wa kwanza. Siku moja mwongoza wageni, mzee mmoja mpole, alitusimamisha sote. Akamshika mkono kijana aliyekuwa akihema nyuma kabisa, akamweka wa pili, mgongoni mwake. Wenye mbio wakanung'unika.

Nilitegemea tutachelewa sana. Kumbe kijana yule alitembea vizuri mpaka juu, na tulipumzika mara chache kuliko nilivyozoea. Mzee alinieleza sababu yake. Anayetembea nyuma hapumziki kabisa: wenzake husimama wakimngoja, naye akifika tu, wao wameshapumzika na wanainuka. Anaondoka akiwa amechoka zaidi ya alivyofika, na aibu inamwongezea uzito.

Tangu hapo mpangilio wangu ni mmoja. Mwongozaji mbele, mzito nyuma yake, na mwalimu wa mwisho akiwa na filimbi na sanduku la huduma ya kwanza. Hakuna anayempita mwongozaji, hakuna anayebaki nyuma ya mwalimu wa mwisho. Kila mtoto ana mwenzake, na kila mnaposimama wawili wawili wanaitana. Faida nyingine ilikuja yenyewe: wenye mbio, wakilazimika kwenda taratibu, ndio walioanza kuuliza maswali kuhusu miti.

3. Kimya kinahitaji mazoezi

Wanafunzi arobaini wakizungumza, wanyama wanawasikia kabla hawajafika. Safari moja niliomba tukae kimya dakika tano kwenye kona moja yenye kivuli. Dakika ya kwanza iliisha kwa vicheko vya kubanwa. Kisha msichana mmoja akainua kidole, akionyesha chini. Vipande vya majani mabichi vilikuwa vikianguka njiani, kimoja kimoja, vikiwa na alama za meno. Hapakuwa na upepo. Tukainua macho taratibu, tukawaona mbega wekundu wakila majani machanga juu kabisa, nywele za utosini mwao zikiwa nyekundu kama udongo wa tanuri. Mbega hawa hawapatikani popote duniani isipokuwa Udzungwa na misitu ya jirani yake.

Nilichoshangaa ni kwamba majani yalitutangulia kutuambia. Kama tungekuwa tunaongea, tungeyakanyaga. Sasa huwa tunafanya mazoezi ya kimya shuleni wiki nzima kabla ya safari, chini ya mwembe, na kila mmoja anaandika alichosikia. Siku ya kwanza huandika "ndege". Siku ya tano huandika ndege wangapi, upande gani, na nani kamjibu nani.

4. Elimu ya mwenyeji ni elimu

Mwaka 1979 watafiti wawili, Katherine Homewood na Alan Rodgers, walikuwa kwenye msitu huu waliposikia mlio wa kima ambao hawakuutambua. Mwenyeji aliyefuatana nao alimjua mnyama huyo. Wanakijiji walikuwa wakiishi naye miaka yote. Kwa sayansi alikuwa mpya: mangabei wa Sanje, ambaye leo jina lake la kitaalamu, *Cercocebus sanjei*, limebeba jina la kijiji.

Huwa nawasimulia wanafunzi habari hii tukiwa njiani, na mara moja ilizaa jambo ambalo sikulitarajia. Kijana mmoja ambaye darasani alijificha dawati la nyuma alianza kutaja miti. Huu mkangazi, ule mvule. Alieleza upi hufaa kwa milango, upi bibi yake huchemsha magome yake. Mwongozaji akawa anamuuliza yeye. Mitihani yangu yote ilikuwa haijawahi kumuuliza alichokijua.

Kabla ya safari, watume wanafunzi kwa babu na bibi zao wakakusanye majina ya miti na wanyama kwa lugha za nyumbani. Msituni, mpe mwongozaji nafasi. Akieleza jambo, usimkatize ili kuongeza neno la kitabuni. Neno hilo litasubiri darasani.

5. Mambo makubwa yako chini

Mtoto akiingia msitu wenye miti ya mita thelathini hutazama juu. Ni haki yake. Lakini mengi yanayoifanya Udzungwa iwe ya pekee yako usawa wa kifundo cha mguu.

Kwenye mwamba unaotiririka maji huota ua dogo la zambarau ambalo Wazungu huliweka kwenye vyungu madirishani. Wapelekee wanafunzi lenzi za mkono walitazame. Majani yake yamejipanga duara, yamelala karibu na mwamba, na yamefunikwa na nywele laini zinazoshika matone ya maji. Katikati ya petali kuna manjano ya chavua. Lilijulikana Ulaya miaka ya 1890 kutokana na mimea iliyopelekwa Ujerumani kutoka Usambara na mtawala wa kikoloni aliyeitwa Saint Paul, na asili yake ni misitu ya Tanzania na Kenya. Mwanafunzi wangu mmoja alikuwa ameliona kwenye picha ya kalenda ya ng'ambo akidhani ni la huko. Alikaa nalo muda mrefu kuliko alivyokaa na maporomoko. Hatulichumi, ndani ya hifadhi hatuondoki na kitu.

Siafu nao ni somo. Msafara ukikatiza njia, wasimamishe watoto mbali kidogo, suruali zikiwa zimechomekwa ndani ya soksi, watazame. Askari wenye vichwa vikubwa husimama pembeni mwa njia, taya wazi, wakati vibarua wanapita katikati na mizigo. Watoto waliokuwa wakipiga mayowe huanza kubishana nani anatoa amri. Hakuna anayetoa, na hapo ndipo mjadala unapokuwa mtamu.

6. Fuata maji mpaka nyumbani

Maporomoko ya Sanje yanashuka mita 170 kwa hatua tatu. Kila mtu anataka picha, na apige. Kisha wageuze watazame bonde la Kilombero: mashamba ya miwa yasiyo na mwisho, reli ya TAZARA, mapaa ya mabati. Uliza swali moja tu: maji haya yanakwenda wapi?

Huwa wanajibu "baharini", nao wako sahihi, kwa sababu Kilombero huingia Rufiji, na Rufiji Bahari ya Hindi. Waambie wakumbuke vituo vya njiani. Wataanza na miwa iliyotoa sukari ya chai yao ya asubuhi, waende kwenye mpunga, kisha umeme. Hapo ndipo ninapowasimulia habari za Kihansi, kwenye milima hii hii nje ya hifadhi. Chura mdogo wa manjano, anayezaa vitoto badala ya kutaga mayai, aligunduliwa pale mwaka 1996, akiishi ndani ya manyunyu ya maporomoko. Mwaka 2000 maji yalielekezwa kwenye mitambo ya umeme, manyunyu yakapungua, na mwaka 2009 akatangazwa kuwa ametoweka porini. Walionusurika walikuwa kwenye bustani za wanyama za Marekani. Ilibidi yafungwe mabomba ya kunyunyiza maji bondeni, na mwaka 2012 vyura wakaanza kurudishwa.

Wanafunzi hugawanyika. Wapo wanaosema hospitali inahitaji taa, wapo wanaosema chura hana pa kwenda. Waache wabishane. Nimeshangaa kuona wale wanaotoka nyumba zisizo na umeme wakimtetea chura kwa nguvu zote, na sijaona haja ya kufunga mjadala huo kwa jibu langu.

7. Safari ina nusu ya pili

Siku moja mawingu yalishuka tukiwa karibu kabisa na hatua ya juu ya maporomoko. Mwongozaji akatazama saa yake, akasema tunarudi. Wanafunzi waliudhika, nami moyoni nilitamani robo saa nyingine. Mvua ilitukuta tukiwa tumeshapita miamba inayoteleza. Kwenye kuteremka magoti hutetemeka, macho yamechoka, na kila mtu anafikiria chakula.

Weka saa ya kugeuka kabla hamjaanza kupanda, itangaze kwa wote, na mwachie mwongozaji neno la mwisho. Viazi vya kuchemsha, mayai, ndizi na maji vigawanywe mara mbili, ili fungu la pili liliwe kabla ya kushuka.

8. Somo lisiishie kwenye basi

Mwanafunzi mmoja kutoka kijiji kilichopakana na hifadhi aliuliza, tukiwa darasani wiki iliyofuata: "Mama alikuwa akiruhusiwa kuokota kuni kavu siku moja kwa wiki. Mwaka 2011 wakazuia. Sasa apikie nini?" Darasa likamtazama kama amesema jambo la utovu wa adabu. Kwangu lilikuwa swali bora la safari nzima. Tulilifanyia kazi muhula mzima: tulipima kuni ambazo jiko la mafiga matatu hutumia na zile za jiko banifu, tukapanda miti nyuma ya bweni, tukamwalika mhifadhi, tukawaalika na akina mama, wakaketi meza moja.

Mtoto anayepanda mlima ana haki ya kuuliza msitu unamgharimu nani. Ukimnyamazisha, atajifunza kwamba uhifadhi ni wimbo wa wageni. Ukimpa mizani na kalamu, atakuwa mtu ambaye hifadhi itamhitaji kesho, akiwa mhifadhi, mtafiti, diwani au mama mwenye jiko lake.

Kwa hiyo unapoandika bajeti ya safari yako, pamoja na nauli, viingilio na chakula, tenga vipindi vya wiki inayofuata. Viandike kwenye ratiba leo, kabla mwalimu wa taaluma hajavigawa kwa somo jingine. Kisha waite wale waliokuambia hawaendi, uanze nao.