Njia Tatu za Kubadilisha Nyonga: Nafuu na Gharama kwa Mgonjwa wa Kidahwe

Nyonga ni kiungo kinachounganisha kichwa cha mviringo cha mfupa wa paja na kikombe kilichomo katika fupanyonga. Kiungo hiki hubeba uzito wa mwili katika kila hatua. Kwa mkulima wa michikichi wa Kidahwe, hufanya kazi zaidi ya kutembea: hukunjwa sana anapochuchumaa chooni, anapoketi juu ya kigoda kidogo jikoni, anapoinama kupalilia na anapopanda bodaboda kuelekea mjini Kigoma. Kwa Mwislamu wa Ujiji hukunjwa pia katika kila sijida. Nyonga ikiharibika, mtu hupoteza kipato, usingizi na heshima ya kujihudumia mwenyewe.

Upasuaji wa kubadilisha nyonga huweza kumrudishia mengi kati ya hayo. Wagonjwa wengi wanaoshauriwa kufanyiwa upasuaji huo huuliza maswali mawili: ni njia ipi itakayowapa nafuu haraka, na ni ipi yenye gharama ndogo? Somo hili linalinganisha njia tatu zinazotumika zaidi, kisha linapima maana ya tofauti zake kwa mtu anayeishi mbali na hospitali ya upasuaji.

Sababu za kuharibika kwa nyonga

Barani Ulaya wengi wanaobadilishiwa nyonga ni wazee ambao gegedu la kiungo limelika kwa umri. Katika Afrika Mashariki na nchi jirani sababu ni nyingi zaidi, na wagonjwa wengi ni vijana. Malawi ilianzisha daftari la kitaifa la viungo bandia mwaka 2005, na daftari hilo lilionyesha mapema kuwa kufa kwa kichwa cha mfupa wa paja kwa kukosa damu ni miongoni mwa sababu kuu. Hali hiyo huweza kuletwa na ugonjwa wa selimundu, matumizi ya muda mrefu ya dawa za steroidi, unywaji mwingi wa pombe au jeraha. Sababu nyingine ni kuvunjika kwa shingo ya mfupa wa paja, kifua kikuu cha nyonga kilichopona na kuacha kiungo kimeharibika, na kasoro za utotoni.

Mhudumu wa zahanati hapaswi kuyahesabu maumivu ya kinena kuwa ni ya uzee tu. Kijana mwenye selimundu anayeanza kuchechemea anahitaji eksirei na rufaa mapema.

Kinachobadilishwa

Mpasuaji huondoa kichwa cha mfupa kilichoharibika, huweka shina la chuma ndani ya mfupa wa paja lenye tufe juu yake, na huweka kikombe kipya katika fupanyonga. Msingi wa upasuaji wa kisasa uliwekwa na Sir John Charnley nchini Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1960, alipounganisha tufe dogo la chuma, kikombe cha plastiki ngumu na simenti ya mifupa. Leo zaidi ya nyonga milioni moja hubadilishwa duniani kila mwaka. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2019 ulikadiria kuwa nyonga bandia 58 katika kila 100 hudumu kwa miaka 25.

Vifaa vyaweza kuwa vilevile katika njia zote tatu. Kinachotofautiana ni mlango anaoupitia mpasuaji ili kukifikia kiungo, na misuli inayoguswa njiani.

Njia ya nyuma

Mgonjwa hulazwa ubavu. Mpasuaji hupita kati ya nyuzi za msuli mkubwa wa tako, kisha hukata misuli midogo inayougeuza mguu nje. Misuli ya ubavuni inayoshikilia nyonga wakati wa kutembea haiguswi. Kiungo huonekana vizuri, na mkato huweza kurefushwa iwapo kazi ni ngumu, kama ilivyo mara nyingi kwa nyonga iliyokaa miaka mingi bila tiba.

Udhaifu wake unaojulikana ni kutenguka kwa nyonga kuelekea nyuma, hasa miezi ya mwanzo. Hatari hiyo imepungua sana pale mpasuaji anaposhona upya kifuko cha kiungo na misuli midogo, na anapotumia tufe kubwa kiasi. Neva kubwa ya mguu pia ipo karibu na hulindwa kwa uangalifu.

Njia ya ubavuni

Hapa sehemu ya misuli ya ubavuni hutenganishwa na mfupa kisha hushonwa. Nyonga hutenguka kwa nadra zaidi, jambo linaloifanya njia hii ipendwe kwa wazee waliovunjika shingo ya paja na kwa wagonjwa wasioweza kufuata masharti. Udhaifu wake ni kuchechemea: misuli iliyoshonwa ikichelewa kupona, au neva yake ikijeruhiwa, mgonjwa huinama upande mmoja kila anapotembea. Kwa mtu anayepanda milima ya Kigoma akiwa na mzigo kichwani, hilo si jambo dogo.

Njia ya mbele

Mgonjwa hulala chali, na mpasuaji hupita katika nafasi iliyopo kati ya misuli bila kuikata mingi. Tafiti nyingi zimeonyesha kuwa wagonjwa wa njia hii huwa na maumivu machache na huacha magongo mapema kidogo katika wiki za mwanzo. Hata hivyo, baada ya takriban miezi mitatu tofauti hiyo hupungua sana, na baada ya mwaka mmoja wagonjwa wa njia zote hukaribiana.

Njia hii ina mashaka yake. Ganzi katika ngozi ya mbele na pembeni ya paja hutokea mara kwa mara, kwa kuwa neva ndogo hupita hapo. Kidonda kilicho karibu na kinena huweza kusumbua kwa watu wanene. Mfupa wa paja huweza kuvunjika wakati wa kuweka shina, hasa mikononi mwa mpasuaji anayejifunza. Hukadiriwa kuwa huhitaji upasuaji wapatao 50 au zaidi kabla ya kuizoea.

Gharama: kinachobadilika na kisichobadilika

Sehemu kubwa ya gharama, yaani nyonga bandia yenyewe, haitegemei njia. Huongezwa na ganzi, damu, dawa, siku za kulazwa na mazoezi ya viungo. Njia huathiri gharama kwa mambo manne: vifaa vya chumba cha upasuaji, muda wa upasuaji, siku za wodini na madhara yanayoweza kufuata. Njia ya mbele mara nyingi hutumia mashine ya eksirei wakati wa upasuaji, na baadhi ya wapasuaji hutumia meza maalumu. Njia ya nyuma na ya ubavuni hufanyika kwa meza na vyombo vya kawaida.

Katika miji mikubwa ya ng'ambo, gharama ya vifaa hivyo huweza kufidiwa na mgonjwa kurudi nyumbani siku moja au mbili mapema. Kwa mgonjwa wa Kidahwe hesabu ni nyingine. Akipewa rufaa kutoka Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Maweni hadi Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, iliyopo Dar es Salaam, atakuwa takriban kilomita 1,250 kwa reli kutoka Kigoma. Hata akiruhusiwa mapema, kwa kawaida hulazimika kukaa mjini hadi kidonda kikaguliwe na nyuzi zitolewe, yapata wiki mbili. Siku aliyoiokoa wodini huilipa kwa ndugu aliyemhifadhi au katika nyumba ya wageni.

Kinyume chake, madhara yakitokea gharama yake ni kubwa mno. Nyonga inayotenguka au kuingia vijidudu baada ya mgonjwa kurejea nyumbani humaanisha safari nyingine, msindikizaji mwingine na msimu wa shamba uliopotea. Kwa hiyo njia nafuu kwake ni ile ambayo mpasuaji wake ameifanya mara nyingi, na ambayo haimrudishi hospitalini.

Baada ya kurejea nyumbani

Masharti hutofautiana kwa njia, na mgonjwa aondoke nayo kwa maandishi. Kwa njia ya nyuma, kwa kawaida huzuiwa kwa wiki kadhaa kukunja nyonga zaidi ya nyuzi 90, kukutanisha mapaja kwa kupachika miguu, na kuugeuza mguu ndani. Kwa njia ya mbele, tahadhari ni kuupeleka mguu nyuma sana huku umegeuzwa nje.

Choo cha shimo kiwekewe kiti imara cha mbao chenye tundu. Mkeka na kigoda vipishwe kwa kiti kirefu chenye mgongo. Anayeswali aswali akiwa ameketi juu ya kiti mpaka daktari amruhusu kusujudu. Dini imempa mgonjwa ruhusa hiyo. Katika safari ndefu ya kurudi, mgonjwa anywe maji, achezeshe nyayo, asimame kila inapowezekana, na atumie dawa za kuzuia mgando wa damu kama alivyoandikiwa.

Mhudumu wa kituo cha karibu atambue dalili za hatari: homa, kidonda kutoa usaha, shavu la mguu kuvimba na kuuma, kukosa pumzi ghafla, au maumivu makali yakiambatana na mguu kuwa mfupi na kugeuka. Nyonga iliyotenguka haivutwi zahanatini. Mguu utulizwe, maumivu yapunguzwe na mgonjwa apelekwe haraka penye eksirei na mpasuaji.

Maswali ya kuuliza kabla ya kukubali

1. Daktari hutumia njia gani kwa kawaida, na kwa nini anaichagua kwa mgonjwa huyu?
2. Je, atashona kifuko na misuli aliyoikata?
3. Bima ya afya inalipia nini, na familia ilipie nini, pamoja na nauli na makazi?
4. Masharti yatadumu kwa muda gani, na je, kuchuchumaa na kusujudu kutaruhusiwa baadaye?
5. Tatizo likitokea Kigoma, nani apigiwe simu kwanza?

Mgonjwa hahitaji kuichagua njia peke yake, wala daktari hapaswi kuitaja kwa jina tu na kuondoka. Wakiyajibu maswali haya pamoja, wakiwa na picha ya nyumba, choo na shamba ambako mgonjwa atarudi, uamuzi utakuwa na msingi ulio imara zaidi kuliko sifa za njia yoyote.