Mtoto Ainukaye kwa Kushika Mapaja

Tuchukue mfano wa mtoto wa kiume wa darasa la pili, katika shule ya kijiji wilayani Iramba, mkoani Singida. Kengele ya mstarini inapolia, wenzake hukimbia. Yeye huja nyuma akiyumba. Ainukapo kutoka chini hugeuka kwanza kifudifudi, huinua kiuno, kisha hupandisha mikono juu ya magoti na mapaja yake mwenyewe. Mashavu ya miguu yake ni manene, nawe, ndugu mwanachuo, utadhani ana nguvu. Mwalimu asiyejua humwita mvivu, na pengine humchapa.

Daktari Mwingereza William Gowers aliueleza uinukaji huo mwaka 1879. Maradhi yenyewe yanaitwa Duchenne, kwa jina la daktari Mfaransa, nayo huwapata hasa wavulana, takriban mmoja katika kila 5,000 wanaozaliwa. Mwaka 1987 ilitambuliwa protini inayokosekana, yaani distrofini, ambayo hukinga utando wa seli za misuli. Ikikosekana, kila msuli ufanyapo kazi utando hupasuka na vilivyomo huvuja.

Uvujaji huo ndio upimwao. Kimeng'enya kiitwacho kreatini kinasi huingia katika damu kwa wingi, makumi ya mara kuliko kawaida. Lakini mtoto huchoka kuchomwa sindano, kwa hiyo wataalamu wametafuta njia zisizojeruhi mwili. Mojawapo ni kupima mkojo: vipande vya titini, protini kubwa ya msuli, huonekana humo kwa wingi mno.

Hapa pana mtego. Mtoto akikua, kreatini kinasi hupungua, na mzazi hufurahi. La hasha! Imepungua kwa kuwa misuli yenyewe imekwisha, wala hakuna kingi cha kuvuja. Tena mtoto mzima aliyecheza mpira kutwa naye aweza kuonyesha ongezeko. Hivyo tarakimu za maabara hazisomwi peke yake. Husomwa pamoja na yale ambayo mtoto aweza kuyafanya.

Ndiyo sababu kliniki hupima pia sekunde anazotumia mtoto kuinuka sakafuni na kukimbia mita 10. Mwalimu si mganga, wala asimsimamishe mtoto mbele ya darasa ili kumpima. Lakini yeye humwona kila siku. Na aandike daftarini, mwanzo na mwisho wa muhula: tarehe, jinsi alivyoinuka, ameanguka mara ngapi. Mzazi alichukue daftari hilo zahanati, na kutoka huko hadi hospitali ya mkoa. Maradhi haya hayajapata dawa ya kuyaondoa kabisa, ila dawa za jamii ya steroidi huongeza muda wa kutembea, na huanzwa mtoto angali akitembea.

Wakati huo wote asipewe adhabu ya kuruka kichura. Msuli unaovutwa huku umekaza ndio hupasuka upesi zaidi.