Somo kwa Vikundi vya Kujifunza: Mahali pa Vita vya Majimaji na Wajibu wa Chama cha Ushirika



Baadhi ya vyama vyetu vimo katika nchi ambamo Vita vya Majimaji vilipiganwa tangu 1905 hadi 1907. Wageni huja kupaona mahali hapo, hupiga picha, kisha huondoka. Swali la somo hili ni hili: je, wenyeji waweza kuwapokea wageni hao kwa utaratibu wa ushirika, wapate kipato halali, bila kuwafanya marehemu wao kuwa bidhaa?

1. Kwa nini jambo hili linatuhusu

Vita hivyo vilianza kwa kung'olewa mashina ya pamba huko Nandete, katika nchi ya Wamatumbi, mwishoni mwa Julai 1905. Serikali ya Wajerumani ilikuwa imewalazimisha watu kulima pamba katika mashamba ya pamoja chini ya usimamizi wa maakida na majumbe. Ujira ulikuwa mdogo mno hata baadhi ya watu walikataa kuupokea. Yalikuwa mashamba ya pamoja kwa jina tu, maana mlimaji hakuwa na sauti katika kazi wala katika mapato. Mwanaushirika ana haki ya kujua historia hiyo, kwa kuwa chama chake kimejengwa juu ya kanuni iliyo kinyume cha hayo: kujiunga kwa hiari, na kila mwanachama kura moja.

Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyegawa maji ya dawa, alinyongwa Agosti 4, 1905, lakini vita vilienea. Agosti 30, 1905, wapiganaji waliivamia boma la Mahenge wakakutana na bunduki za rashasha. Huko Songea, Februari 27, 1906, walinyongwa watu 67. Nduna Songea Mbano naye alinyongwa baadaye. Wajerumani walichoma vijiji na vyakula, na njaa ikaua watu wengi kuliko risasi. Wanahistoria hukadiria vifo kuwa kati ya 75,000 na 300,000.

Leo mjini Songea pana makumbusho na kaburi la halaiki, na kila Februari hufanyika kumbukumbu. Novemba 1, 2023, Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika hapo akaomba msamaha.

2. Mgeni aonyeshwe nini

Jiwe la kumbukumbu pekee halimshikilii mgeni kwa zaidi ya dakika chache. Yanayomfanya akae ni masimulizi ya wenyeji. Mwaka 1968 wanafunzi wa chuo kikuu mjini Dar es Salaam walizunguka vijijini wakaandika maneno ya wazee waliovikumbuka vita. Wazee hao hawapo tena, lakini wajukuu na vitukuu wao wapo. Chama chaweza kuandaa matembezi ya miguu yenye vituo. Katika kila kituo msimulizi wa ukoo unaohusika aseme aliyorithi. Jioni mgeni aandaliwe chakula cha nyumbani, aelezwe watu walikula nini wakati wa njaa ile, na mahali penye Wangoni aone ngoma ya Lizombe.

Ukweli usipunguzwe. Askari wengi wa Wajerumani walikuwa Waafrika, na uzao wao unaishi miongoni mwetu. Wala si kila kabila lililojiunga na vita. Msimulizi anayeficha hayo humdanganya mgeni na pia huwadanganya watoto wa kijiji.

3. Mambo ya kukataa

Kunyongwa kwa watu kusiigizwe ili kuwachekesha wageni. Mifupa na masalio yasiuzwe. Asiwepo mtu wa kuchimba ardhi bila kibali, kwani kuchimba mambo ya kale kumewekewa masharti katika Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Na ukoo ukisema kaburi fulani lisitembelewe, neno hilo liheshimiwe, hata kama mgeni ameleta fedha nyingi.

4. Hesabu

Tuchukue mfano wa kubuni. Wageni 12 wanalipa shilingi 15,000 kila mmoja: jumla 180,000. Wasimulizi wawili wapewa 40,000, wapishi na vyakula 60,000, wacheza ngoma 30,000. Zinabaki 50,000: utunzaji wa makaburi na njia 30,000, akiba ya chama 20,000. Kila malipo yaandikiwe stakabadhi, na hesabu isomwe katika mkutano mkuu. Fedha zikipokelewa mkononi na mtu mmoja, hata akiwa mwaminifu, manung'uniko yatazaliwa, na manung'uniko juu ya makaburi huvunja kijiji upesi kuliko manung'uniko juu ya pamba.

Kazi hii haitachukua nafasi ya kilimo, kwa sababu wageni huja kwa misimu. Ni nyongeza tu, na chama kisikope fedha nyingi kwa kuitegemea.

Maswali ya kujadiliwa

1. Ni mahali gani katika eneo la chama chetu palipotokea vita, na ni koo zipi zenye neno juu ya mahali hapo?
2. Nani kati yetu anayajua masimulizi, na ni kijana gani anayejifunza kwake?
3. Ukoo ukikataa na wanachama wengi wakikubali, chama kitaamua nini?
4. Je, masharti ya chama chetu yanaruhusu kazi hii, au yatahitaji kurekebishwa kwanza?

Katibu wa kikundi aandike majibu na kuyasoma katika mkutano ujao wa chama.